Oscar Micheaux na Picha Iliyopotea

Wako watu ambao wakipatwa na jambo zito hulisema mara moja kisha wakanyamaza, na wako ambao hulirudia maisha yao yote. Oscar Micheaux, ambaye jina lake hutamkwa Misho, alikuwa wa aina ya pili. Alioa mwaka 1910, ndoa ikavunjika upesi, na katika miaka iliyofuata aliisimulia ndoa ile katika vitabu vitatu na picha tatu za sinema. Moja katika hizo, iitwayo The Homesteader, ya mwaka 1919, ndiyo picha ndefu ya kwanza ya kuigiza kutengenezwa na Mmarekani mweusi. Wanafunzi wenzangu, picha hiyo leo haipo. Nakala zake zote zimepotea. Lakini kisa chake tunakijua, na mtu aliyeitengeneza tunamjua, na maisha yake yanastahili kusomwa.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 katika shamba karibu na mji mdogo wa Metropolis, jimbo la Illinois, kando ya mto Ohio. Baba yake, Calvin, alizaliwa mtumwa katika jimbo la Kentucky ng'ambo ya mto. Watoto walikuwa wengi, na mama yao alitaka wote wasome. Oscar hakupenda kazi ya jembe siku zile. Baba yake alipochoka kumsukuma shambani akamtuma mjini kuuza mboga na matunda, na hapo kijana akajua kipawa chake. Aliwasalimu wanunuzi kwa adabu, akawapendeza kwa maneno, akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Kipawa hicho cha kuuza ndicho kilichomlisha mpaka kufa kwake, iwe alikuwa akiuza nyanya, au vitabu, au picha za sinema.

Alipotimiza umri wa miaka 17 alikwenda Chicago kwa kaka yake. Kaka huyo alipenda kuonekana bwana mkubwa kuliko hali yake, na Oscar hakuvumilia maisha ya namna ile. Akapanga chumba chake, akafanya kazi za machinjioni na viwandani, akafungua kibanda cha kung'arisha viatu, na mwishowe akapata kazi katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Kazi hiyo ilikuwa ya watu weusi. Mtumishi wa behewa alitandika vitanda, akapiga viatu rangi, akabeba mizigo, na abiria wengi hawakujisumbua kuuliza jina lake. Walimwita George tu, kwa jina la mwenye kampuni. Mshahara ulikuwa mdogo na bakshishi ndiyo iliyomfaa mtu. Lakini gari moshi lilimwonyesha Micheaux nchi nzima, na yeye alikuwa mtu wa kuweka akiba. Wenzake walipotumia fedha zao kwa starehe mjini, yeye alizipeleka benki.

Katika safari zile alisikia habari za ardhi. Mwaka 1904 serikali ya Marekani ilifungua kwa walowezi sehemu ya nchi ya Rosebud, katika jimbo la South Dakota. Nchi hiyo ilikuwa ya kabila la Lakota, nao waliachiwa sehemu iliyobaki tu. Imetupasa kulitaja jambo hili, kwa sababu Micheaux mwenyewe, mwana wa mtu aliyezaliwa utumwani, hakuliona kuwa ni jambo kubwa. Yeye aliona bahati. Watu zaidi ya 100,000 waliandikisha majina yao katika bahati nasibu ya mashamba yasiyozidi 2,500. Micheaux hakupata. Basi alingoja, akanunua haki ya mtu aliyepewa shamba kisha akalikataa, na mwaka 1905 akafika huko akiwa karibu mtu mweusi pekee katika wilaya nzima.

Nchi ile ni tambarare, haina miti, na upepo wake haupumziki. Majani yake yana mizizi iliyoshikamana kama mkeka, na mtu wa kwanza kuilima hana budi kuipasua kwa jembe la kukokotwa na wanyama. Micheaux hakujua kazi hiyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alidanganywa sokoni akauziwa nyumbu wabaya, na majirani zake Wazungu walikuwa wakingoja tu siku atakayofunga mizigo akarudi kwenye gari moshi. Hakurudi. Alilima tangu alfajiri hata jua kuchwa, na mwisho wa msimu akawa amelima zaidi ya wengi waliomcheka. Baada ya miaka michache alikuwa na ardhi nzuri, na majirani waliokuwa wakimcheka sasa walimheshimu.

Alichokosa ni mke. Alimpenda binti wa jirani mmoja, msichana wa asili ya Uskoti, naye binti, kama Micheaux alivyoandika, alimpenda. Lakini alikuwa Mzungu. Mwaka 1909 bunge la South Dakota lilipitisha sheria ya kukataza ndoa kati ya mtu mweusi na Mzungu. Hata bila sheria hiyo, Micheaux alikuwa amekwisha kuamua moyoni. Aliamini kwamba mtu mweusi aliyefanikiwa kisha akawaacha watu wake huwa amewasaliti, na kwamba mafanikio yake yatageuka mzaha. Basi akamwacha yule binti, akaenda kutafuta mke Chicago.

Hapo ndipo alipokutana na Orlean McCracken. Alikuwa msichana mpole, mwenye elimu, binti wa mchungaji wa kanisa la AME, ambalo ni kanisa la Kimethodisti lililoanzishwa na Wamarekani weusi wenyewe. Baba yake, N. J. McCracken, hakuwa mchungaji mdogo. Alikuwa mzee msimamizi, mwenye wachungaji wengine chini yake.

Msomaji wa leo akitaka kuelewa ugomvi uliofuata, budi ajue kanisa lilikuwa nini kwa watu weusi wa Marekani siku zile. Katika majimbo ya kusini walikuwa wamenyang'anywa haki ya kupiga kura, kwa kodi na kwa mitihani ya hila. Kupata kiti bungeni lilikuwa jambo lisilowezekana. Kanisa basi ndilo lililokuwa bunge lao. Humo walichagua, walishindana kwa hotuba, walijenga shule, na humo mtu mweusi aliweza kupanda cheo mbele ya macho ya watu. Katika AME maaskofu huchaguliwa kwa kura katika mkutano mkuu kila baada ya miaka minne, na anayetaka kupanda hana budi kuwa na marafiki, wafuasi, na sifa nyingi. Watu wengi wema walikua katika siasa hiyo. Wengine iliwafundisha kupenda kusifiwa. Kwa maelezo ya Micheaux, baba mkwe wake alikuwa wa namna hiyo ya pili: nyumbani kwake watoto na mke walijua kwamba amani hupatikana kwa kumsifu mzee.

Micheaux naye hakuwa mtu wa kusifu wengine. Alikuwa mrefu, mnene wa mwili, mwenye sauti kubwa, na alikuwa na hakika ya mambo yake yote. Alimheshimu sana Booker T. Washington, mwalimu wa Tuskegee, aliyewahimiza watu weusi kwanza wafanye kazi na kumiliki mali. Aliwadharau wale waliokaa mijini wakitoa hotuba na kulalamika. Mtu kama huyo aliketi mezani kwa mzee aliyezoea kusikilizwa, akasema alivyofikiri. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa fahali kweli.

Ndoa ilifungwa Chicago mwaka 1910. Bibi arusi akaenda South Dakota. Hebu fikirini: msichana wa mji mkubwa, aliyelelewa kati ya kwaya na karamu za kanisa, anafikishwa katika nyumba ndogo ya shamba, majirani wako mbali, upepo unavuma usiku kucha, na mumewe mara nyingi hayupo kwa sababu ya shughuli za ardhi. Mwaka 1911 alijifungua mtoto aliyekufa. Mume wake hakuwapo nyumbani siku hiyo. Kwangu mimi hapo ndipo ndoa ilipovunjika, ingawa Micheaux hakuliandika hivyo kamwe. Baba yake Orlean alifika kumtazama bintiye, na alipoondoka kurudi Chicago aliondoka naye. Micheaux alisema kwamba fedha zake benki zilichukuliwa, na kwamba mali yake iliuzwa na baba mkwe. Alimfuata mkewe Chicago zaidi ya mara moja. Mlango ulifungwa.

Kisha mvua ikakatika. Ukame ulioanza mwaka 1911 uliunguza mahindi na ngano ya Rosebud, na wakulima wengi wakashindwa kulipa madeni ya benki. Micheaux alipoteza mashamba aliyoyapata kwa jasho la miaka. Kwa muda mfupi alikuwa amepoteza mtoto, mke na ardhi.

Akaanza kuandika. Hakuwa amepata kusoma chuoni, wala hakumjua mwandishi hata mmoja. Kitabu chake cha kwanza, The Conquest, kilitoka mwaka 1913 katika mji wa Lincoln, Nebraska, bila jina la mwandishi, naye alikitoa kwa heshima ya Booker T. Washington. Ni kisa cha maisha yake kwa majina yaliyobadilishwa kidogo tu. Alikiuza mwenyewe mlango kwa mlango, kwa wakulima Wazungu walewale waliokuwa wakimjua, na baadaye katika majimbo ya kusini, kwa waalimu na waganga weusi. Mwaka 1915 akatoa kingine, na mwaka 1917 cha tatu, ndicho The Homesteader. Humo alirudia kisa cha ndoa yake kwa urefu zaidi, ila safari hii alikitilia chumvi.

Kisa ni hiki. Jean Baptiste, mkulima mweusi katika nchi ya walowezi, anampenda Agnes, msichana Mskoti, lakini anamwacha kwa ajili ya uaminifu kwa watu wake. Anamwoa Orlean, binti wa mchungaji aitwaye McCarthy. Mchungaji huyu amelewa na sifa na cheo, na anamchukia mkwe wake kwa sababu hamsujudii. Anamtenga binti na mumewe mpaka akili za binti zinaharibika. Mwishowe binti anamuua baba yake na kujiua mwenyewe. Halafu inafahamika kwamba Agnes naye ana damu ya Kiafrika, na Jean Baptiste anaweza kumwoa. Mtaona kwamba mwandishi alijipa katika kitabu yale aliyonyimwa na maisha: mzee aliadhibiwa, na msichana wa kwanza akarudi. Jina la Orlean hakulibadilisha hata kidogo. Huo ulikuwa ukatili, nami sioni namna ya kuutetea.

Kitabu hicho kikamletea sinema. Siku zile kulikuwa na kampuni ndogo ya watu weusi, Lincoln Motion Picture Company, iliyoendeshwa na ndugu wawili, Noble na George Johnson. Noble alikuwa mchezaji wa sinema. George alikuwa karani wa posta katika mji wa Omaha. Mwaka 1918 George alisikia habari za kitabu, akamwandikia Micheaux kwamba kampuni yao ingependa kukifanya picha. Micheaux alifika Omaha akalala kwao siku mbili. Wenye kampuni walizoea kutengeneza picha fupi. Yeye alitaka picha ndefu, na tena alitaka kusimamia kazi mwenyewe. Hakuwa amewahi kushika kamera hata siku moja. Hawakupatana.

Basi akaanzisha kampuni yake. Fedha alizipata wapi? Alirudi kwa wakulima Wazungu wa karibu na mji wa Sioux City, waliokuwa wamenunua vitabu vyake, akawauzia hisa kwa dola 75 hata 100 kila moja. Walinunua! Wakulima wale, ambao wengine wao waliwahi kungoja ashindwe, walimpa fedha atengeneze picha ya mtu mweusi anayelima.

Nafasi ya mke aliipata msichana aitwaye Evelyn Preer, mzaliwa wa Mississippi, ambaye tangu hapo akawa nyota mkubwa wa picha za Micheaux. Charles Lucas aliigiza mkulima. Picha ilikuwa ya kimya, kama zote za wakati ule: wachezaji husema kwa nyuso na mikono, maneno machache huandikwa kati ya tukio na tukio, na mpiga piano au bendi hupiga muziki mbele ya watazamaji.

Mwezi Februari 1919 picha ilikuwa tayari. Lakini kule Chicago hakuna picha iliyoweza kuonyeshwa bila kibali cha halmashauri ya ukaguzi, na wachungaji watatu weusi walikwenda kulalamika. Walisema kwamba mchungaji mnafiki wa katika picha ametengenezwa kwa mfano wa mchungaji mashuhuri wa mji huo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Vita vya mezani vya mwaka 1910 sasa vilikuwa vimefika mbele ya serikali ya mji. Wakaguzi walitazama, wakapima, wakatoa kibali.

Na Micheaux alifanya nini? Aliweka habari hiyo katika matangazo yake. Aliwatangazia watu kwamba picha imepita ijapokuwa wachungaji watatu waliipinga, na sababu ya kuipinga akaitaja wazi. Mtu asingeweza kununua tangazo zuri kuliko hilo. Tarehe 20 Februari picha ilionyeshwa katika jumba la kikosi cha nane, ambacho kilikuwa kikosi cha askari weusi wa Illinois. Askari hao walikuwa wamerudi siku chache tu kutoka vitani Ufaransa. Watu waliofika walikuwa wamezoea kumwona mtu mweusi katika sinema akiwa mpishi wa kuchekesha, au mwizi, au mlevi. Mwaka 1915 picha moja kubwa ya Wazungu, The Birth of a Nation, ilikuwa imewaonyesha kama wanyama na kuwasifu wauaji wao. Sasa walimwona mtu mweusi amesimama katika shamba lake mwenyewe, anapenda, anaoa, anaonewa, na hashindwi. Hata wale ambao hawakupendezwa na habari za mchungaji hawakuweza kuusahau mwili ule mrefu nyuma ya jembe.

Mwaka uliofuata alitoa Within Our Gates, ambamo alionyesha jinsi familia nyeusi ilivyouawa na kundi la Wazungu bila hukumu. Kiangazi cha 1919 Chicago ilikuwa imemwaga damu kwa vita vya rangi, na wakuu wa miji waliogopa. Wakaguzi waliikata hapa, wakaikata kule, na Micheaux alizoea kuwa na picha moja yenye sura nyingi, kila mji na yake. Yasemekana hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na mimi nakubali.

Jinsi alivyofanya kazi inanichekesha na kunistaajabisha. Alikuwa akichukua gari na kuzunguka nchi, amevaa koti refu na kofia kubwa, akiingia katika majumba ya sinema ya watu weusi na picha za wachezaji mkononi. Alimweleza mwenye jumba kisa cha picha ambayo bado haijatengenezwa, akachukua fedha za mbele, kisha akarudi kuitengeneza kwa fedha hizo. Alipiga picha katika nyumba za marafiki ili asilipe kodi. Mchezaji akikosea, mara nyingi kosa lilibaki, maana utepe ulikuwa ghali. Watu walimcheka kwa makosa hayo, na yapo kweli. Lakini kampuni nyingine zote za watu weusi zilizoanza pamoja naye zilikufa. George na Noble Johnson walifunga yao katika miaka ya mwanzo ya 1920. Yeye aliendelea mpaka 1948, akatoa picha zaidi ya 40.

Mchungaji wake hakumwacha. Mwaka 1925 alitengeneza Body and Soul, picha ya mhalifu anayejifanya mchungaji na kuwaibia waumini. Wakaguzi wa New York wakakasirika, wakamlazimisha aibadilishe. Aliyeigiza mhubiri huyo ni Paul Robeson, na hiyo ilikuwa picha ya kwanza ya Robeson. Huyu Robeson ana jambo linalotuhusu sisi. Katika miaka ya 1930, akiishi London, alisoma lugha za Afrika katika chuo cha huko, Kiswahili kikiwa mojawapo. Na katika picha ya Sanders of the River ya mwaka 1935, ambayo Robeson alikuwa mchezaji mkuu, mmoja wa Waafrika waliokodiwa kuigiza alikuwa Jomo Kenyatta. Lakini turudi kwa Micheaux.

Mwaka 1926 alioa tena. Mke wake, Alice Russell, alikuwa mchezaji wa sinema, mwanamke mtulivu mwenye akili ya kazi, na ndoa hiyo ilidumu mpaka kifo. Juu yake hakuandika kitabu. Mwaka 1928 kampuni ilifilisika, akaisimamisha tena kwa fedha za Wazungu wenye majumba ya michezo ya Harlem. Sinema ilipopata sauti, yeye mwaka 1931 alitoa The Exile, picha ndefu ya kwanza ya sauti kutoka kampuni ya watu weusi. Na kisa chake? Ni kile kile cha The Conquest: mkulima mweusi wa South Dakota na msichana anayedhaniwa kuwa Mzungu.

Katika miaka ya 1940 kazi ilipungua akarudi kwenye vitabu, na kimoja kati yao, The Wind from Nowhere, kilikuwa tena kisa cha shamba na ndoa na baba mkwe. Mwaka 1948, afya yake ikiwa dhaifu, alikusanya fedha zake za mwisho akakitengeneza kitabu hicho kuwa picha, The Betrayal, ndefu ya saa tatu na zaidi. Ilifunguliwa New York. Magazeti yaliikemea, watu hawakwenda, fedha zikapotea. Mzee wa miaka 64 alikuwa bado anamshitaki mzee mwingine kwa jambo la mwaka 1911, mbele ya viti vitupu.

Picha hiyo nayo imepotea. Hapa budi nieleze kidogo jinsi picha zinavyopotea. Utepe wa sinema wa zamani ulitengenezwa kwa naitreti, kitu chenye asili moja na baruti. Hushika moto upesi, na usipoungua huoza wenyewe ndani ya mkebe ukawa ugoro. Makampuni makubwa ya Wazungu yalikuwa na nakala nyingi na maghala, na hata hivyo picha zao nyingi za kimya zimepotea. Micheaux alikuwa na nakala chache tu za kila picha. Alizisafirisha kutoka mji mmoja hata mwingine, kila mji ukikata sehemu yake, mpaka utepe ukachakaa. Picha zake za kimya zilikuwa zaidi ya 20. Zilizobaki ni tatu.

Na tatu hizo zilibaki kwa njia za ajabu. Within Our Gates ilionekana Hispania, katika ghala la sinema la taifa, ikiitwa La Negra, na maandishi yake yote yakiwa kwa Kihispania. Ilirudishwa Marekani, maandishi yakafasiriwa tena kwa Kiingereza, na mwaka 1993 Maktaba ya Bunge la Marekani ikamaliza kuitengeneza. Nyingine, The Symbol of the Unconquered, ilipatikana Ubelgiji. The Homesteader haijaonekana Hispania wala Ubelgiji wala kwingineko. Vilivyobaki ni kitabu, matangazo ya magazeti, na picha chache za kawaida za wachezaji.

Hasara yake si ya historia ya sinema peke yake. Katika vitabu ni Micheaux tu anayesema. Orlean hana neno ila lile alilopewa na mume aliyemkasirikia. Lakini katika picha ile palikuwa na uso wa Evelyn Preer, na walioziona picha zake nyingine wanajua kwamba mwanamke huyo hakuweza kuigiza mtu bila kumwonea huruma. Huenda katika The Homesteader, bila mwenye picha kutaka, mke alipata kusikika.

Oscar Micheaux alifariki tarehe 25 Machi 1951 katika mji wa Charlotte, North Carolina, akiwa safarini, kama alivyokuwa siku zote. Alizikwa Great Bend, Kansas, karibu na jamaa zake. Kwa muda mrefu alisahauliwa. Mwaka 1987 alipewa nyota katika njia ya heshima ya Hollywood, mwaka uliofuata kaburi lake likawekewa jiwe, na mwaka 2010 serikali ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake. Na katika mji wa Gregory, South Dakota, karibu na shamba alilolipoteza, wenyeji walianzisha sherehe ya kuzionyesha picha zake zilizobaki.